Haki ya Mbao au Haki ya Miti? Uhakiki wa Istilahi za Mauziano ya Ardhi

Utangulizi

Miongoni mwa kazi zinazomkabili mkuza istilahi, ngumu kupita zote ni ile ya kukipa jina kitu ambacho wenyeji wamekijua siku nyingi kwa matendo yao, lakini ambacho karatasi za ofisini zimekivika jina la kigeni. Makala haya yanakusudia kuchunguza istilahi za jambo moja la namna hiyo, nalo ni mauziano ya ardhi ya shamba ambamo muuzaji huitoa ardhi lakini miti iliyo juu yake hubaki kuwa yake, aje kuivuna baadaye.

Jambo lenyewe si geni. Katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, hasa Mufindi na Njombe, wakulima wengi wamepanda misonobari, milingoti na miwati, na miti huchukua miaka mingi kukomaa ilhali shida za binadamu hazingoji. Mzazi hutakiwa ada ya shule leo, na msonobari wake una miaka 10 tu. Akiuza pamoja na miti, atapata bei ya miti michanga. Kwa hiyo huiuza ardhi, akasema: miti niachie. Naye mnunuzi hukubali kwa kuwa bei imepungua. Hapo pana watu wawili juu ya shamba moja, mmoja ana udongo na mwingine ana vilivyosimama juu yake. Amani yao kwa miaka yote iliyobaki imo ndani ya maneno machache ya hati waliyotia sahihi.

Tangu sheria ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania, maneno hayo machache yamekuwa na uzito zaidi. Zamani hati ya Kiswahili iliyoandikwa vibaya ingeweza kuokolewa na tafsiri ya Kiingereza iliyofuatana nayo. Sasa inazidi kutazamwa yenyewe, kwa maneno yake yenyewe.

Hati niliyoiandika mwenyewe

Haifai kuhakiki maneno ya wengine kabla ya kukiri ya kwangu. Miaka minane iliyopita baba yangu mdogo, mkulima wa Mufindi, aliuza eka nne za shamba lake la misonobari, lililozungukwa na safu ya milingoti mpakani. Kwa kuwa mimi nilikuwa msomi wa lugha katika ukoo, alinitaka nimwandikie hati. Nilikuwa na kielelezo cha Kiingereza mbele yangu, nikakifasiri neno kwa neno, nikaandika kwamba muuzaji “anahifadhi haki za mbao”. Niliipenda sentensi ile. Ilikuwa fupi, nayo ilikuwa na sura ya kisheria. Baba mdogo akatia sahihi, mnunuzi akatia sahihi, na mashahidi wawili wakafuata.

Misonobari ilipofikia kuvunwa, mnunuzi alikuwa na haja ya kusafisha shamba apande maparachichi. Akasema kwamba hati inataja mbao, basi mwenye mbao achukue mbao. Nguzo, kuni na matawi ni vyake. Akasema pia kwamba milingoti ya mpakani haipasuliwi mbao, bali hukatwa nguzo, kwa hiyo haimo katika hati. Na juu ya njia ya kupitishia lori hati haikusema lolote. Shauri lilifika mbele ya baraza la ardhi la kijiji, ambalo kazi yake ni kusuluhisha, na wazee wakasuluhisha: misonobari yote ikawa ya baba mdogo, milingoti yote ikawa ya mnunuzi. Nilipokwenda kumwomba radhi, baba mdogo hakunikaripia. Aliniuliza tu, “Mwanangu, mimi nilikwambia miti, hizo mbao ulizitoa wapi?”

Swali hilo ndilo chanzo cha makala haya. Alikwisha kunipa neno sahihi, nami nikaliacha nikaenda kuchukua jingine kitabuni.

Kasoro za “haki za mbao”

Kasoro ya kwanza ni ya maana. Katika Kiswahili, ubao ni kitu kilichokwisha kupita chini ya msumeno. Mti ukiwa umesimama ni mti. Ukiangushwa na kukatwa vipande ni gogo. Gogo likipasuliwa ndipo huzaliwa mbao, na kando yake mabanzi na unga wa msumeno. Lugha yetu imegawa safari hiyo hatua kwa hatua, na kila hatua ina jina lake. Kiingereza, kinyume chake, kina neno moja ambalo huweza kutaja mti uliosimama, gogo, na mbao zilizopasuliwa. Mfasiri anayelichukua neno hilo akaliweka “mbao” kila mahali huchukua hatua ya mwisho ya safari na kuitumia kutaja ile ya kwanza. Matokeo yake ni kwamba hati humpa muuzaji kitu ambacho siku ya kutiwa sahihi hakikuwapo shambani. Siku ile hapakuwa na ubao hata mmoja; palikuwa na miti.

Isitoshe, mti wa kupandwa hautoi mbao peke yake. Hutoa nguzo, boriti, fito, kuni na mkaa. Gome la muwati lina thamani yake kwa kazi ya kutengenezea ngozi, na msonobari huweza kugemwa utomvu ukali umesimama. Anayesema mbao ameviacha vyote hivyo nje ya ua.

Kasoro ya pili ni ya sarufi. Neno “haki” likifuatwa na kihusishi na jina la kiumbe, humtaja mwenye haki: haki ya mtoto, haki za wafanyakazi. Likifuatwa na kitenzi, hutaja tendo linaloruhusiwa: haki ya kupiga kura, haki ya kupita. “Haki za mbao” haiko huku wala huku. Mbao si mwenye haki, na hakuna tendo lililotajwa. Kazi ya kukisia huachiwa msomaji: ni haki ya kuzipasua, kuzichukua, kuziuza, au kuzuia wengine wasizikate? Najua kwamba kuna watakaotaja “haki za ardhi”, usemi uliokwisha kuenea. Ni kweli umeenea, na hauwezi kung'olewa tena. Lakini wanasheria wenyewe, wanapotaka kusema kwa hakika, huufafanua kwa vitenzi: kumiliki, kutumia, kukodisha, kurithisha. Ufupi unaofaa katika hotuba haufai katika mkataba.

Kasoro ya “kuhifadhi”

Kitenzi nilichokitumia kilikuwa kibaya kuliko jina. Kiingereza hutumia neno moja kwa mambo mawili: kujiwekea kitu kisiende kwa mwingine, na kukilinda kitu kisiharibiwe. Kiswahili hakichanganyi mambo hayo. Kuhifadhi ni kulinda na kutunza. Tunahifadhi mazingira, tunahifadhi chakula, tunahifadhi Kurani kifuani. Kwa hiyo anayeandika kwamba muuzaji “anahifadhi miti” amemwajiri mlinzi bila mshahara. Wala hajasema kwamba miti ni yake.

Hatari yenyewe inazidi kwa sababu neno hili limekwisha kupewa kazi rasmi katika misitu. Msitu wa hifadhi ni msitu uliotengwa kwa mujibu wa sheria. Tena Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inatambua aina za miti zilizohifadhiwa, ambazo hazikatwi bila kibali hata zikiwa nje ya misitu ya Serikali. Afisa misitu akisoma katika hati kwamba shamba lina “miti iliyohifadhiwa” na muuzaji amekuja na msumeno, ana kila sababu ya kumzuia. Istilahi moja ikitumika kwa maana ya “usikate” na kwa maana ya “ni yangu nitakata”, hiyo haistahili kuitwa istilahi.

Neno tulilo nalo: kubakiza

Baba mdogo hakusema anahifadhi. Alisema, “Miti najibakizia.” Kitenzi hiki chafaa kutazamwa kwa makini. Kubakiza peke yake hakutoshi, kwani mtu huweza kumbakizia mwingine: mama humbakizia mtoto chakula. Lakini kiambishi cha kujirejea “-ji-” pamoja na kauli ya kutendea humaliza shaka yote: anayebakiza ndiye anayebakiziwa. Kitenzi kimoja kinamtaja mtendaji, kinamtaja mfaidika, na kinaeleza kwamba kilichobaki kilikuwa sehemu ya kitu kikubwa zaidi kilichokwenda. Kielelezo changu cha Kiingereza kilihitaji maneno kadhaa kueleza hayo.

Jina la kifungu chenyewe linaweza kupatikana kwa njia ile ile iliyotupa “pendekezo”, “punguzo” na “ongezo”. Kutoka “bakiza” tunapata “bakizo”, wingi “mabakizo”. Napendekeza basi kwamba kifungu cha hati ambamo muuzaji hutenga sehemu ya mali isiende kwa mnunuzi kiitwe bakizo. Na hapa, bakizo la miti. Wapo watakaosema kwamba neno hili ni jipya masikioni. Ni jipya kwa umbo, lakini si jipya kwa mzizi wala kwa kanuni, na mkulima asiyewahi kulisikia atalielewa mara ya kwanza. Kipimo hicho ndicho kinachostahili kutangulizwa mbele ya vipimo vingine vyote. Wahasibu wana “baki”, “bakaa” na “salio”, lakini hayo hutaja kinachosalia baada ya hesabu, ilhali bakizo hutaja tendo la hiari la kujiwekea. Hakuna mgongano.

Kuhusu haki yenyewe, istilahi ninayoipendekeza ni “haki ya kuvuna miti”. Zamani baadhi ya wapenzi wa lugha walilalamika kwamba huvunwa mahindi na mpunga, ama miti hukatwa. Lakini maafisa misitu wamekwisha kuuzoesha “uvunaji”, na kwa miti ya kupandwa neno hilo lina adabu yake: lakumbusha kwamba yupo aliyepanda. Wanasheria wa Uingereza wameiweka haki ya namna hii, ya kuingia katika ardhi ya mwingine na kuchukua mazao yake, chini ya jina la Kifaransa cha kale, “profit à prendre”, yaani faida ya kuchukua. Hata wao, basi, waliona kwamba bila kitenzi haki hiyo haielezeki.

Pwani na visiwani: somo la kale

Ni ajabu kwamba tumehangaika na vielelezo vya kigeni katika jambo ambalo watu wa mwambao wamelizungumza kwa Kiswahili siku zote. Unguja na Pemba, mikarafuu na minazi imekuwa ikihesabiwa kuwa mali mbali na ardhi inayoibeba. Mtu aliweza kuwa na miti katika ardhi isiyo yake, akairithisha, akaiuza. Ardhi ilipofanywa mali ya Serikali mwaka 1964, mazoea ya kuhesabu miti peke yake hayakufutika katika lugha. Mombasa wanajua “nyumba bila ardhi”, usemi mfupi ulio wazi kuliko fasili nyingi za vitabuni. Na David Parkin, katika kitabu chake cha mwaka 1972 kuhusu Wagiriama wa Kenya, alionyesha jinsi minazi ilivyoweza kuuzwa au kuwekwa rehani mbali na ardhi, na jinsi ushahidi wa wazee ulivyokuwa na uzito palipozuka ubishi juu ya kilichouzwa. Ubishi ule ndio huu wetu, isipokuwa kwamba leo shahidi ni karatasi.

Lakini mwambao unatupa pia onyo, nalo ni juu ya neno “shamba”. Pemba, shamba ni miti: shamba la mikarafuu ni mikarafuu yenyewe. Bara, shamba ni ardhi iliyolimwa. Kwa hiyo hati isemayo “nimeuza shamba, nimejibakizia miti” inaeleweka Mufindi, lakini Pemba ingemfanya msomaji aulize ni nini basi kilichouzwa. Katika hati yafaa tutumie “ardhi” kwa udongo na mipaka yake, na “miti” kwa kilichosimama juu yake, na neno “shamba” tuliachie mazungumzo.

Ardhi, jasho na maendelezo

Hapa hatuna budi kukumbuka kwamba katika Tanzania Bara ardhi yote ni mali ya umma, na Rais ni mdhamini wake. Kinachouzwa si udongo bali ni haki katika udongo. Mwalimu Nyerere, katika andiko lake la mwaka 1958 kuhusu mali ya taifa, alitoa hoja kwamba ardhi hakuna aliyeiumba, na kwamba anachoweza mtu kudai kuwa chake ni jasho aliloliongeza juu yake. Kwa fikra hiyo, anayeuza shamba huuza jasho. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 imebeba alama ya fikra hiyo katika kile ambacho maafisa ardhi hukiita “maendelezo”. Na miti imetajwa waziwazi ndani ya fasili yake. Sheria hiyo hiyo lakini inahesabu pia vitu viotavyo kwa asili kuwa sehemu ya ardhi, na inakiri kwamba haki katika ardhi ina thamani.

Bakizo la miti linaigeuza hoja ya kale kichwa chini: mtu huuza ardhi, akabaki na jasho. Sisemi kwamba ni kosa. Nasema kwamba mwandishi wa hati asiyeona tofauti hiyo ataandika “miti” bila kueleza ni miti gani, na mvule ulioota wenyewe bondeni utaingia katika ugomvi pamoja na msonobari uliopandwa kwa jembe. Istilahi mbili zatosha kuondoa shaka, nazo zimekwisha kuenea: miti ya kupandwa na miti ya asili. Zitumike.

Tena kuna suala la wakati. Sheria ya mauzo ya bidhaa tuliyoirithi, iliyofuata ile ya Uingereza ya mwaka 1893, inahesabu kuwa bidhaa vitu vilivyoshikamana na ardhi ambavyo imekubaliwa vitenganishwe nayo kabla ya mauzo au kwa mujibu wa mkataba wa mauzo. Mti ule ule, basi, waweza kuwa sehemu ya ardhi asubuhi na bidhaa jioni, kwa nguvu ya maneno tu. Ndiyo sababu hati haiwezi kuacha kutaja muda.

Machipukizi na maotea

Sehemu moja ambayo sikuona orodha yoyote ya istilahi ikiitendea haki ni ile ya miti ya kesho. Msonobari ukikatwa, kisiki chake hufa. Mlingoti ukikatwa, kisiki huchipua, na baada ya miaka michache pana miti mipya juu ya mizizi ya zamani. Muwati nao huacha mbegu nyingi ardhini, na moto ukipita huota wenyewe kama nyasi. Mtu aliyejibakizia “miti” bila kueleza zaidi, je, amejibakizia na vizazi vyake? Kama ndivyo, mnunuzi wa ardhi yenye milingoti amenunua kivuli cha milele.

Kiswahili kina maneno ya kutenganisha hali hizi. Yanayotoka katika kisiki ni machipukizi. Yanayoota yenyewe kwa mbegu ni maotea. Yanayowekwa kwa mkono ni miche. Napendekeza maneno haya matatu yakubaliwe kuwa istilahi za hati za ardhi, kila moja kwa maana yake na si kwa maana ya jirani yake. Hali kadhalika biashara ya kaboni, ambayo Tanzania iliitungia kanuni mwaka 2022, imeleta faida inayopatikana kwa kuuacha mti usimame. Mwenye haki ya kuvuna si lazima awe mwenye haki ya malipo ya kaboni. Jambo hilo litajwe kwa jina lake, lisifichwe ndani ya neno “miti”.

Kielelezo

Ili isionekane kwamba uhakiki huu umebomoa bila kujenga, natoa hapa sentensi ambazo laiti ningaliziandika miaka minane iliyopita:

“Muuzaji anamuuzia mnunuzi haki yake yote katika ardhi iliyotajwa hapo juu, lakini anajibakizia haki ya kuvuna misonobari na milingoti yote ya kupandwa iliyosimama juu ya ardhi hiyo siku ya kutiwa sahihi hati hii, pamoja na magogo, nguzo, kuni na mazao mengine yatokanayo nayo, kwa muda wa miaka kumi tangu siku hiyo. Machipukizi na maotea yote ni ya mnunuzi. Kwa muda huo muuzaji ana haki ya kupita na kupitisha vyombo vya uvunaji katika njia iliyoonyeshwa kwenye mchoro, naye atafidia mazao ya mnunuzi atakayoyaharibu. Muda ukiisha, mti wowote utakaokuwa umesimama utakuwa mali ya mnunuzi.”

Sentensi hizi si fupi, wala hazina sura ya kigeni. Mahali ambapo wenyeji husema “paini” badala ya msonobari, na liandikwe paini. Hati ni ya wanaoitia sahihi kabla ya kuwa yetu.

Hitimisho

Tumezoea kusema kwamba istilahi nzuri huwa fupi, ya asili na yenye kueleweka. Uzoefu huu umenifunza kuongeza sharti moja: kabla ya kuunda neno, aulizwe kwanza mwenye kitu anakiitaje. Aliyepanda miti kwa mikono yake hukosa mara chache katika kuitaja. Nawaomba wasomaji walioko Njombe, Pemba, Kwale na kwingineko ambako miti huuzwa mbali na ardhi watuletee maneno wanayoyatumia, na mahali yanapopishana na haya niliyopendekeza, watusahihishe. Hati nyingine zinaandikwa leo, na misonobari iliyotajwa ndani yake itavunwa baada ya miaka 10 au 15. Maneno tutakayoyachagua sasa ndiyo yatakayosomwa siku hiyo.